Mi naitwa Balikula, na siku ya defile mji mzima uliniita

Nianze na jina maana njo lilileta maneno yote. Mi naitwa Balikula. Siyo Simba, siyo Tiger, siyo Bobi kama yule mbwa wa nyumba ya kona mwenye kuogeshwa na sabuni ya kunukia. Balikula. Kwenu mngesema Walikula. Nani alikula, alikula nini, hapo njo kuna hadithi, na mtu akiniuliza mi namuangalia tu natikisa mkia.

(Munkana, yaani mjukuu, wa kike wa Nkambo, babu wa nyumba yetu, njo ananiandikia hii ku telefone yake. Amesoma Kiswahili bora shuleni, kila saa ananikata, usiseme batu sema watu, usiseme bintu sema vitu. Sawa. Lakini maneno ya watu wa lupango, kiwanja chetu cha nyumba, nimemwambia ayaache vile yalivyotoka mu kinywa, asiyapige pasi.)

Twiko Lubumbashi, komini ya Kenya. Na huku kwetu mbwa hapewi jina la bure. Jina la mbwa ni barua unayomuandikia jirani bila kununua tembre, unasimama ku mlango wa lupango saa kumi na mbili asubuhi unaita mbwa wako kwa sauti, mwenye kuhusika anasikia akiwa bado mu blanketi. Ku avenue yetu kuna mbwa anaitwa Tutaona, kuna Hapana Wivu, kuna mmoja anaitwa Mungu Iko, huyo njo anauma kuliko wote.

Langu limeshaleta matata. Kuna bwana mmoja alikuwa anapita kila lupango kukusanya franga ili watengeneze kabini ya umeme iliyoungua, franga zikakusanywa, kabini ikakaa vile vile miezi na miezi, na kila bwana akipita Nkambo Mwanamuke, mke wake Nkambo, alikuwa anakumbuka kwamba sijapewa chakula. Balikulaaa! Siku moja akaingia na hasira, mama unanitukana. Nkambo Mwanamuke hakuinua hata kichwa, alikuwa anatwanga sombe, kwenu kisamvu.

"Miye naita mbwa yangu. Weye ulikula nani?"

Bwana akatoka. Mpaka leo anapitaka avenue ingine.

Lakini jina halikuwa la yule bwana. Lilikuwa la mtoto wa tumbo la Nkambo Mwanamuke mwenyewe.

Nkambo alikuwa shemino, mfanyakazi wa reli, maisha yake yote ni treni. Ukimpa nafasi kidogo tu atakwambia mji huu ni mtoto wa treni, 1910 reli ilifika kutoka kusini na mwaka ule ule mji ukazaliwa, wazungu wakauita Élisabethville, jina likakaa mpaka 1966, na bila reli hapa pangekuwa paka nyasi na vichuguu. Vichuguu vya hapa vingine ni virefu kuliko nyumba, hapo nakubaliana naye, nimevikojolea vingi. Basi alipoenda retrete, yaani alipostaafu, akapata dekonti finali yake, franga za kumaliza kazi, akaikata mara mbili, nusu ikawa bati za nyumba, nusu akampa mtoto wake wa mwisho, Baba Mudogo, aende Kasumbalesa ku mpaka, anunue unga wa Zambia, alete, auze, arudi tena. Alienda. Kurudi njo hakurudi. Miaka 5 simu haipiti, halafu njo mi nikafika, mtoto wa mbwa aliyebadilishwa na meka mbili za unga, na Nkambo Mwanamuke akaniangalia vile nilivyolamba sahani mpaka rangi yake, akasema huyu jina yake iko. Hiyo ni miaka 6 imepita. Kwa hiyo jumla 11, munkana ndiye amepiga hesabu, mi hesabu yangu inaishia ku nne maana ni miguu yangu.

Sasa mwaka huu mwezi wa tatu telefone ikalia. Baba Mudogo. Yuko Dar es Salaam, anafanya kazi ya makamio, malori yanayobeba mizigo kutoka bandari mpaka huku kwetu, ameoa, ana watoto wawili. Amesikia Nkambo alikuwa mgonjwa wakati wa mvua, anataka kuja. Nkambo akasema kama ni vile basi wakuje wote, watoto wangu wote wakae hapa siku moja nikiwa bado na macho, wakachagua 1 Mei kwa sababu hakuna kazi na kuna defile, gwaride la wafanyakazi.

Kikao kikafanywa chini ya mwembe. Wakasema habari ya mbuzi, habari ya viti vya kukodi, habari ya nani atalala wapi, halafu Yaya, yule mkubwa, baba yake na munkana, akanionyesha kidole.

"Na huyu mbwa. Hapana kumuita jina mbele ya bageni."

Kimya. Nkambo Mwanamuke akaendelea kuchambua muchele.

"Atamuita nani sasa?"

"Bobi," akasema mtu, sijui nani, ningemjua ningemuuma.

Bobi! Jina la mbwa wa sabuni! Siku tatu nzima walifanya mazoezi, Bobi kuya, Bobi toka, na kila mara nikageuka kuangalia nyuma kama yule wa kona amefika kweli.

Wageni wakaanza kuingia. Tantini, shangazi wa Kolwezi, wa kwanza, viatu vinanuka vumbi la migodi, na anasema kwa nguvu "sisi bantu ba Lualaba" kama vile ametoka ng'ambo ya bahari, maana tangu 2015 Katanga ilikatwa vipande 4 na yeye akajikuta mu provensi ingine na kaka zake. Mi habari ya kukata vipande naielewa vizuri, kila kipande kinapata mbwa wake. Wa Kitwe ya Zambia walikuja wanasema Kibemba tupu. Wa Likasi walileta jogoo akiwa hai, na sitasema zaidi.

Baba Mudogo alifika usiku, foleni ya makamio ku Kasumbalesa ilimfunga. Nikatoka kumbwekea vile kazi inavyotaka. Ananuka mazutu (dizeli), sabuni ya hoteli, mafuta ya kichwa, lakini chini kabisa, chini ya hivyo vyote, harufu ni ile ile ya kitanda cha Nkambo. Hiyo mtu hawezi kuiosha. Nikanyamaza. Watu wote wakasimama pale na mataa ya telefone, hakuna mwenye kujua mikono aiweke wapi, halafu Nkambo akatoka na blanketi yake mabegani akasema neno ambalo baba yeyote angesema:

"Umefika. Ulikula mu njia?"

Ee Mungu. Yaya akakohoa. Tantini akashika kinywa. Nkambo mwenyewe neno lilipotoka njo alilisikia, akabaki mdomo wazi.

Na hapo njo nilielewa hawa watu wamejifunga kamba wao wenyewe. Kuficha jina langu ni rahisi, lakini jaribu weye kupokea wageni siku tatu bila kusema kula. Mumekula? Kuleni. Batoto bakule kwanza. Mbona haukule? Kila neno la heshima mu lugha yetu liko na sahani ndani yake, na kila sahani ilikuwa inamuangalia Baba Mudogo. Wakaanza kusema "karibu ku meza", "shika kidogo", "onja". Munkana mdogo wa miaka 5 aliuliza kwa nini watu wote wanaonja tu, hakuna mwenye kushiba?

Peke yake mwenye amani alikuwa Mama wa Dar, mke wake Baba Mudogo, kwa sababu yeye hakuambiwa kitu. Lakini alikuwa na shida zake. Swahili yake ni ile ya kule, tamu, inatembea na viatu, na yetu inatembea pekupeku. Usiku ule wa kwanza aliniogopa, Nkambo Mwanamuke akamtuliza:

"Hapana kuogopa, mwanangu. Hapa ku nyumba iko paka mbwa."

"Paka yuko wapi?"

"Paka mbwa."

"Paka na mbwa?"

"Hapana, mama. Paka mbwa!"

Sisi paka ni "tu", mwenye kujua anajua. Yeye hakujua. Kesho yake mtoto wake akaweka maziwa kidogo mu kifuniko chini ya kitanda kwa ajili ya yule paka mwenye haya. Na kesho kutwa tena. Niliyanywa yote, na ninaomba mtu asimwelezee.

Halafu mi nikiwa nimelala ku mlango wa jiko, Tantini amebeba sufuria ya moto, analia "Tosha huyu mbwa!", yaani mutu anitoe pale, na Mama wa Dar akaitika kwa adabu kabisa: "Eeh, kweli dada, mmoja anatosha."

Lakini kubwa ilikuwa ya kichwa cha samaki, tomsoni. Sikatai, nilikiiba. Kilikuwa ku sahani ku kingo ya meza na kingo ya meza ni mpaka, kama Kasumbalesa, vitu vinapita. Yaya akachukua fimbo akanikimbiza lupango mzima:

"Leo nitakupika, weye mbwa! Nitakupika mpaka utajua!"

Kijiko kikaanguka. Mama wa Dar alikuwa amesimama pale ku mlango, uso umekuwa rangi ya bukari, yaani ugali. Usiku nikamsikia kupitia dirisha anamuuliza mume wake polepole sana, baba fulani, nisamehe, sitaki kudharau mila za watu, lakini hawa ndugu zako, mbwa wanampika na nini? Baba Mudogo akacheka. Akacheka mpaka akalia, akamwambia huku kwetu kupiga ni kupika, tunapika mutu, tunapika picha, tunapika telefone. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile inasikia kicheko chake tangu afike, na ku chumba cha pili Nkambo Mwanamuke alikuwa macho, nilisikia kitanda chake kimenyamaza kusikiliza. Mama wa Dar alielewa lakini nyama hakugusa tena, mpaka siku ya mwisho alikula maharagwe.

Usiku wa kuamkia defile wanaume wakakaa kuzunguka mbabula, jiko la makaa, na bia zao za Simba. Baridi ilikuwa imeanza, mvua imeshaenda, ile wakati vumbi linaanza kurudi. Mabishano yakawa ya mpira, salama. Wajukuu wote ni wa timu ya Mazembe, wakahesabu makombe ya Afrika, 1967, 1968, 2009, 2010, 2015, Nkambo ambaye ni wa Lupopo, timu pinzani, mpaka ku mifupa kama shemino wote wa zamani akawaacha wamalize, akasema "Na Inter?" tu, maana Desemba 2010 Mazembe ilifika finali ya dunia ya klabu kule Abu Dhabi na Inter ikawafunga 3 bila. Kelele. Halafu kelele ikaisha, na ile maneno ya franga ilikuwa bado imelala pale katikati yao kama mbwa wa pili, kila mtu akienda kukojoa anairuka.

Asubuhi Nkambo akatoka amevaa salopeti yake ya kazi, ya bluu ambayo haina tena bluu, na kasketi, ile kofia ya kazi.

"Unaenda fanya nini na hiyo? Weye uko retrete," Nkambo Mwanamuke akamuuliza.

"Kuangalia paka."

Mi nilifungwa ku mwembe. Kamba ilikuwa ya nailoni, inachukua muda lakini haina ladha mbaya. Nikawakuta wameshapita Kamalondo, kwenye stadi ya Mazembe ambapo Nkambo anatembeaka akiangalia upande mwingine kama mtu anayepita nyumba ya mwenye kumdai, na walipogundua mi niko nyuma ilikuwa mbali kurudi. Mjini watu wamejaa pande mbili za barabara. Nyinyi mnaonaka defile kutoka juu, kofia na kaliko, vile vitambaa vya bango, na maandishi. Mi nawaambia ya chini. Viatu vya usalama vipya vya makampuni ya migodi, vinalia kwi kwi kwi, vimetolewa jana vinauma vidole, wanaume wazima wanatembea kama wanakanyaga mayai. Wauguzi na raba nyeupe zilizopakwa chaki. Wamama wa benki visigino virefu, mmoja alivivua akavibeba mkononi na kuendelea na mstari, nilimpenda sana. Waalimu viatu vimeshonwa mara nyingi lakini vinang'aa kuliko vya wote, na wao njo walikuwa wanatembea sawa. Fanfari ilipopita masikio yangu yakataka kurudi nyumbani bila mimi, tarumbeta ni kitu kibaya, lakini ngoma ile kubwa haisikiki ku masikio, inasikika ku tumbo kama njaa.

Wakapita walinzi wa usalama na mbwa wao wa kizungu, wamefungwa midomo, mguu kwa mguu. Mmoja aliniangalia na jicho la pembeni, lile jicho la mwenye mshahara akimuona asiye na kazi. Nikajikuna. Ilikuwa jibu langu.

Halafu wakapita shemino. Hawakuwa wengi. Kaliko yao ilishikwa na wazee wawili, upepo unawasukuma. Nkambo alikuwa ku kingo ya barabara, mkono mmoja ku bega la munkana, na nilikuwa ninaangalia vidole vya mguu wake mu sandali, basi mi njo wa kwanza kujua. Vidole vilianza kuhesabu. Kushoto, kulia, kushoto. Halafu akashuka. Akaingia mu mstari wa nyuma kabisa, yule aliyekuwa peke yake pale akamsogelea kumpa nafasi bila kugeuza kichwa, na Nkambo akaenda, mguu wa kushoto unachelewa kidogo, kasketi imenyooka.

Sasa mi nifanye nini? Nikashuka. Nikatembea nyuma yake, katikati, sawa sawa, sikunusa kitu hata kimoja, na pale barabarani kulikuwa na kipande cha mikate chenye siagi, muandike hivyo.

Munkana akaogopa polisi watanipika (piga, Mama wa Dar, piga). Akasahau Bobi, akasahau kikao, akasahau mazoezi ya siku tatu, akakimbia nyuma yetu akilia na sauti yake yote:

"Balikula! Balikula we! Balikulaaa!"

Na tulikuwa tumefika mbele ya tribini, jukwaa la wakubwa.

Kwanza watu wakanyamaza. Halafu mama mmoja muuza karanga akacheka, halafu kijana mmoja ku mti akarudisha "Balikula!", halafu upande wetu wote, halafu upande wa pili, Ba-li-ku-la, Ba-li-ku-la, ni silabi 4, inaingia mu mwendo wa fanfari kama mguu mu soksi, na mpiga ngoma, Mungu ambariki, akaikubali. Juu ya tribini wakubwa wengine walipiga makofi. Wengine walianza kuangalia viatu vyao. Polisi mmoja akamshika munkana mkono.

"Unasema balikula. Banani?"

"Ni mbwa, baba."

"Mbwa alikula nani?"

"Ni jina yake!"

Akaniangalia mi, akaangalia tribini, akauma midomo kwa ndani mpaka mashavu yakaingia. "Ondoka na yeye. Mbio."

Lakini mi nilikuwa nimeona kitu kingine. Baba Mudogo alikuwa ku kingo anapika picha na telefone yake, anacheka kama wote, Balikula, Balikula, anaitikia mwenyewe. Halafu akageuza telefone upande wa mama yake. Na Nkambo Mwanamuke alikuwa hamuangalii mbwa, haangalii tribini, anamuangalia yeye, macho kwa macho, mara ya kwanza tangu afike. Telefone ikashuka polepole.

Njia ya kurudi hakuna aliyesema kitu. Hakuna aliyeniita Bobi.

Jioni mbuzi alikuwa tayari, bukari, sombe, vinkubala (viwavi) vya Tantini, kinywaji cha munkoyo mu ndoo, wote chini ya mwembe. Mi chini ya meza, ofisi yangu. Baba Mudogo hakugusa sahani.

"Mama. Ile jina ya mbwa. Tangu lini?"

"Tangu alipofika."

"Ni miye?"

"Jina ni ya mbwa," Nkambo Mwanamuke akasema. Na hakusema hapana.

Basi akaanza. Unga wa kwanza ulinyeshewa njiani, ukageuka sementi. Wa pili uliibiwa na gari lake. Wa tatu hakukuwa na wa tatu. Akaona haya kurudi, akasema nitapata kwanza njo nirudi, akapanda kamio moja, na nyingine, haya ikamsukuma mbele mpaka bahari njo ikamsimamisha. Aliongea muda mrefu, na mke wake alikuwa ameacha kijiko anasikiliza, nafikiri naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. Alipomaliza Nkambo akamuuliza:

"Uliniona mu mstari?"

"Nilikuona, Baba."

"Mguu wa kushoto?"

"Ulichelewa kidogo tu."

"Hm," Nkambo akasema.

Baba Mudogo akatoa bahasha mfukoni akaiweka mbele ya mama yake. Nkambo Mwanamuke akafuta mikono, akahesabu, akahesabu tena, dola zilizochanika akaziweka pembeni, zingine akazifunga mu ncha ya kitenge.

"Bado," akasema.

"Najua, Mama. Bado."

"Basi kula. Bukari inapoa."

Kula! Lilitoka lenyewe, zima, bila kukohoa, na meza yote ikaanza kula kama watu walioachiwa kutoka jela, kula, muongeze, mukule, mbona haukule weye, Tantini anagawa kwa mikono miwili. Baba Mudogo akachukua mfupa wa paja, nyama iko bado mingi juu yake, sitadanganya, akainama chini ya meza.

"Balikula," akaita. "Kuya ukule."

Nikaenda. Na Mama wa Dar, aliyekuwa amenyamaza siku nzima, akamgeukia Nkambo Mwanamuke na heshima zote.

"Kumbe anaitwa Balikula. Na yule paka je, anaitwa nani?"